Ng'ombe Wasioswagika

Gasheshe, huku juu milimani, 9 Mei 2013

Ndugu Placide,

Salamu katika jina la Bwana. Umusalimie mke wako, Mama Nadège. Sisi huku tuko wazima, ila ngombe njo haziko tena.

Batu benye bunduki balifika siku ya soko, wanaume wengi hatukuwa nyumbani. Hawakupiga hata risasi. Mumoja alikata fimbo, akapiga muluzi, akatembea mbele, na ngombe zote zenye baba yangu aliniachia zikamufuata sawa vile zinanifuataka mimi. Nilifika pa kilima nikaona mikia yao inashuka pole pole, kama zinaenda kunywa maji. Kuibiwa nilishazoea. Chenye kinaniuma ni ule upole. Mimi mwenyewe nilizifundisha kufuata muntu, na hazikujua kuuliza ni muntu gani.

Ilibakia moja. Unaijua Bihogo, ile nyekundu ya pembe ndefu, yenye ilizaa mwezi wa kwanza. Mwizi alichapa mwana wake fimbo. Bihogo akageuka, akamutoboa paja, akapita katikati yao na mwana wake, akaingia pori. Kesho yake alirudi. Akasimama mbele ya nyumba ananiangalia kama mimi njo mwizi.

Wakati tulikuwa internat, kule shule ya kulala, ulinisomea juu ya ngombe ya pori yenye ilikufa ikaisha duniani, babu ya hizi zote. Ulisema haikukubali muntu. Sasa nakuuliza, wewe mwenye ulisoma udaktari wa banyama: ile damu ilikufa yote, ao kipande kiko kimelala ndani ya hizi zetu? Kama kimelala, naweza kukiamusha?

Baba yako na baba yangu walipeana ngombe, njo maana siogopi kukusumbua. Huku réseau ya simu haiko. Barua nimeipatia bamama wa soko.

Ndugu yako,
Rukunda


Baraka, huku ziwani, 2 Juni 2013

Ndugu yangu Rukunda,

Barua yako ilinifikia ikiwa na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo, maana mama aliyeileta aliifunga pamoja na biashara yake. Nimeisoma, Nadège naye akaisoma, na siku ile hatukula vizuri. Pole sana. Wale ng'ombe nawajua wengi kwa majina.

Sasa swali lako. Yule ng'ombe mwitu, Wafaransa humwita aurochs. Dume lake lilikuwa jeusi, bega lake lilifika kimo cha mtu mzima, na pembe zake zilitazama mbele. Wa mwisho alikufa katika msitu mmoja wa Poland, karibu miaka mia nne iliyopita. Aliyekufa harudi, Rukunda, hilo nisikudanganye. Lakini damu yake haikwisha, ilitawanyika. Huyu alibaki na pembe, yule na rangi, mwingine na ukali. Kuna Wazungu ambao wamejaribu kukusanya vile vilivyotawanyika: wanachagua ng'ombe wa kufugwa, wanawapandisha wao kwa wao, kizazi kwa kizazi, mpaka apatikane anayefanana na babu yake. Hawa wetu wana damu zilizochanganyika sana, lakini ukoo ni mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, jaribu. Mimi nikiwa darasani nilikuwa naota jambo kama hili, na sikufikiri lingeanzia Gasheshe. Anza na Bihogo na yule ndama wake. Mtafutie dume ambalo mwenye nalo anataka kulichinja kwa sababu ya ukali. Ndama wakizaliwa, msiwazoeshe mkono. Anayewafuata, mmuuze. Anayepiga kwato na kuinamisha pembe, mmweke. Itachukua miaka. Lakini siku moja atakuja mtu na fimbo yake, apige mluzi, na hakuna atakayemfuata.

Dawa nitaleta mimi. Wewe niandikie kila kitu unachokiona.

Placide


Gasheshe, 20 Agosti 2018

Ndugu Placide,

Imewezekana!

Nilikuandikia mwaka ule mujukuu wa Bihogo alizaliwa, ile dume yenye tuliita Rusine juu ya weusi wake. Sasa iko na miaka mbili na mukanda mweupe pa mugongo, vile vile ulisema ya zamani ilikuwa nayo. Mimi nikiipita upande wa upepo, inanguruma kama pikipiki.

Juzi batu wenye bunduki walikuja tena, saa ya jua. Tulikimbia mu migomba, tukaangalia. Mumoja akapiga muluzi. Hakuna ngombe iliinua kichwa. Akakaribia na fimbo. Placide, zilijipanga! Wana ndani, mama inje, pembe mbele, na hakuna muntu alizifundisha. Kisha Rusine akatoka. Ule muntu alitupa bunduki yake ili akimbie vizuri. Tulicheka mpaka tukalia, miaka mingi hatukucheka vile.

Majirani wanasema niwapatie damu ya Rusine. Wengine, wale wenye wivu, wanasema nafuga shetani. Mugwaneza, mke wangu, naye ananung'unika. Anasema ni aibu kuwa na ngombe na kunywa chai bila maziwa, sababu hakuna muntu anaweza kukamua hizi. Unamujua shemeki yako, hakosi la kusema. Ni Mpano tu, binti yetu, njo anaweza kupita katikati yao. Yuko na miaka kumi na saba na haogopi kintu.

Njoo uone na macho yako.

Rukunda


Gasheshe, 3 Novemba 2019

Ndugu Placide,

Nakuandikia mbio. Mpano alianguka mu mawe, mbavu zimeumia. Akipumua kunasikika sauti. Dispensaire ya huku haiko na dawa. Nitumie ya maumivu na ya kuzuia kidonda cha ndani, na uniandikie vile tutamupatia.

Tena neno moja. Rusine ameumiza mbwa ya jirani, vibaya sana, na batu wanasema nimuchinje. Wewe unaona nini? Dume yenye imeumiza mara moja, itarudilia? Nijibu wazi wazi, sababu hapa nyumbani hatusikilizane.

Rukunda


Baraka, 15 Novemba 2019

Ndugu yangu,

Dawa ninazituma kwa mkono wa mama yuleyule. Maelezo nimeandika juu ya kila pakiti. Mpano asibebe mzigo, asilale chali, na akitema damu mtafute njia ya kumshusha hospitalini, hata kwa machela. Maskini mtoto. Mawe ya huko juu nayajua.

Kuhusu Rusine, usimchinje. Mbwa si sababu ya kumaliza kazi ya miaka sita. Ng'ombe mwenye silika ya kale lazima amchukie mbwa, kwake mbwa ni chui tu aliyepungua. Huo ndio ukali tuliokuwa tunautafuta, umekuja, na sasa kwa kuwa umekuja msiuogope. Mwambie shemeki kwamba Placide amesema tuendelee.

Natamani kupanda, lakini kwa sasa siwezi: huku chini, anayeonekana rafiki wa watu wenu wa juu huitwa msaliti. Na barua zako usiandike jina langu juu ya bahasha. Andika "Docteur" tu, zitanifikia.

Placide


Baraka, 12 Julai 2021

Rukunda,

Tangu wiki iliyopita tunaona moshi huko juu, hata kutoka ufukweni. Watu wanaoshuka wanataja vijiji vilivyoungua na Gasheshe wanaitaja. Wengine wanasema makundi yote ya ng'ombe yameswagwa, isipokuwa moja. Nilipolisikia hilo moja nilijua ni la nani, na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Niandikie hata mstari mmoja. Mko wapi? Mpano anapumua vizuri? Rusine yuko?

Placide


Kambini, karibu na kiwanja cha ndege, 30 Agosti 2021

Shemeki Placide,

Barua yako nimeifungua mimi. Rukunda hayuko.

Nitakuambia vile ilikuwa, sababu nimesoma na barua zako za zamani zenye tulikimbia nazo, naona hukujua kintu. Asubuhi tulisikia milio ya bunduki upande wa chini. Kila muntu alitoa ngombe zake ili akimbie nazo. Za wengine zilitoka, wakazipiga mbele, wakapanda. Zetu zilikataa. Rukunda alipiga muluzi, akaita majina, akatupa mawe. Zilimuinamishia pembe. Mwenye ngombe hakuweza kuziokoa, sababu alizifundisha zisiongozwe na muntu, na yeye pia ni muntu.

Nikamuambia, "Ziache. Tuende."

Akasema, "Nenda na Mpano, Mpano anatembea pole pole. Mimi nitawafikia."

Mpano anatembea pole pole sababu ya Rusine. Hakuanguka mu mawe, shemeki. Ile dume ilimubana pa ukuta wa zizi, ikamupiga mara mbili, mimi nikiangalia. Hakuna mbwa ya jirani. Jirani hakukuwa hata na mbwa. Nilishika panga nikamuambia Rukunda, leo unachagua. Akaniambia tungoje neno ya muganga, njo wewe. Ukaandika, akanisomea: usimchinje, mwambie shemeki tuendelee. Nikaweka panga. Miaka mbili nilikuwa nakuchukia, na wewe hukujua ulijibu swali gani.

Tulipofika juu ya kilima tulikaa mu nyasi. Tuliona yote. Batu walikuja kuchukua ngombe. Zilijipanga vile zinajipangaka. Zilikanyaga batu wawili. Basi wenzao wakaanza kuzipiga risasi tu, kuziua, sababu hawakuweza kuzipeleka. Hapo Rukunda alitoka mu migomba yenye alikuwa amejificha. Alitoka anapiga kelele, mikono juu: "Msiziue! Msiziue!" Wakamupiga yeye.

Kisha zilizobaki zikaingia pori na Rusine mbele, na batu wakaenda bila kintu. Njo ile kundi moja ulisikia.

Wenye ngombe za upole walipoteza ngombe, batu walizichukua mu njia. Hapa kambini wanalia ngombe, na waume wao wako karibu yao wanalia nao.

Hatukurudi kumuzika. Njia imefungwa.

Mugwaneza


Baraka, 16 Mei 2023

Shemeki Mugwaneza,

Karibu miaka miwili sikukujibu. Nilianza barua nyingi. Kila moja ilikuwa inajaribu kunitetea, nikaichana.

Leo ninaandika kwa sababu siwezi kungoja. Wale ng'ombe wako hai. Wanaishi msituni, juu ya kijiji cha Kananda, wamezaana, na hawana tena mtu. Mwaka jana waliwajeruhi wawindaji. Mwezi huu, mama mmoja aitwaye Adolphine alipanda kutafuta kuni na hakurudi. Mume wake, Déogratias, alimkuta amekufa kando ya mto. Walinichukua kupitia Fizi nikaangalie alama za mwilini mwake, niseme ni mnyama gani. Niliziangalia. Nilisema ni ng'ombe dume.

Vijana wa Kananda wanasema watu wenu waliwaacha ng'ombe wale makusudi, ni silaha yenu. Nilisimama nikasema ng'ombe hatumwi vitani. Mmoja akauliza, "Basi ule ukali ulitoka wapi, Docteur?" 

Wamesema hivi: wale ng'ombe wasipouawa kabla ya kiangazi kukolea, watapanda kambini kwenu kulipiza. Si maneno ya pombe. Nimewaona wakiwa timamu, na wanahesabiana nani ataenda. Wamejaribu kuwawinda wenyewe, lakini wakiingia msituni ng'ombe wanajua kabla yao.

Kundi ni lenu. Siwezi kuliua bila neno lako, na bila msaada wa mtu anayewajua hatutawapata. Niambie nifanye nini.

Placide


Kambini, 25 Mei 2023

Shemeki,

Waue.

Nilimuonyesha Mpano barua yako. Alisoma, akatoka inje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Alirudi akasema ataenda yeye. Anasema wako na pahali ya maji ya chumvi, hawawezi kuiacha, na akiwaita labda watakuja. Nilikataa. Yeye si mutoto tena, hakuniomba ruhusa. Atashuka na pasta wetu Darius mpaka Fizi, umupokee pale. Asitembee peke yake hata kidogo.

Naomba kintu kimoja, na uwaambie wale batu wa Kananda kama hii njo bei ya kazi yake. Gasheshe haiko mbali na ile maji. Wakimaliza, wamuache Mpano afike kwa baba yake. Kama kuna kilichobaki, kizikwe.

Huyo mama Adolphine nimemuombea. Ningekuwa mimi mume wake sijui ningefanya nini.

Mugwaneza


Baraka, 11 Juni 2023

Shemeki Mugwaneza,

Mpano yuko kwetu. Amelala. Nadège amempa maji ya moto na chakula, amekunywa maji tu. Atapanda na pasta, lakini nataka barua hii itangulie, ili usimlazimishe kusimulia.

Tulitoka Kananda alfajiri. Wanaume walikuwa na bunduki za kuwindia, na vijana wengine walikuja na mapanga tu. Walipomwona Mpano hawakumsalimia. Mmoja alisema, "Huyu njo anatuongoza? Atatuuza." Déogratias akamjibu, "Kama uko na njia ingine, tangulia."  Njia ni ya kupanda sana na Mpano alikuwa anasimama mara kwa mara kupumua. Watu wote walikuwa wanasimama pamoja naye, kwa sababu bila yeye hawakuwa na pa kwenda.

Pale penye maji ya chumvi walijificha nyuma ya mawe. Mimi pia. Mpano alisimama peke yake kwenye tope akaanza kuita. Aliita kwa lugha yenu, majina na maneno ambayo nadhani alikuwa anawaimbia zamani. Tulingoja. Wale vijana walianza kunong'ona kwamba ni bure.

Walikuja, shemeki. Hili nataka ulisikie kwangu. Miaka minane mimi na mume wako tulikuwa tunautoa ule utii katika damu yao, na wakaja kwa sauti ya msichana mmoja. Kwanza majike na ndama, kisha madume madogo. Rusine alitoka mwisho. Ni mkubwa kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona, mweusi, na ule mstari mgongoni. Alikuwa kama mchoro wa kile kitabu nilichomsomea Rukunda shuleni. Aliinamisha kichwa nikajua anamuua mbele yangu. Akanusa mkono wake. Mpano alikuwa na chumvi kiganjani, akairamba.

Mmoja wa wenye bunduki aliita, "Toka hapo!" Mpano hakutoka. Alikuwa anaongea naye polepole. Yule akainua bunduki, na Déogratias akaweka mkono juu ya mtutu. Akasema, "Mumuache amalize."

Alipomaliza alitembea kuja kwetu bila kugeuka. Kisha wakapiga.

Nilitegemea watatushambulia. Majike yalijipanga, ndama ndani, kama Rukunda alivyoniandikia, na yakaanguka vilevile yalivyojipanga. Rusine hakukimbia wala hakuja. Alikuwa anatazama upande alikoelekea Mpano, akapigwa akiwa anatazama. Mimi nilisoma miaka mingi ili niwaponye wanyama. Niliwamalizia wale ambao hawakufa mara moja, kwa kisu, ndama pia. Hakubaki hata mmoja.

Vijana walianza kukata nyama. Mpano akasema, "Sasa tunaenda kwa baba." Hakuna aliyeinuka. Walisema Gasheshe ni mbali, walisema nyama itaharibika. Ahadi ya kumfikisha Gasheshe walinipa wote mbele ya chefu wa kijiji, na pale kila mmoja alikuwa ameshika mguu wa ng'ombe. Nilichukua begi la Mpano nikamwambia twende wawili. Tulipokuwa tumeshaanza kupanda nilisikia mtu nyuma yetu. Ni Déogratias, na jembe begani.

Nyumba yenu imebaki kuta mbili. Migomba imekuwa pori. Tulimkuta hapo ulipoandika, ukingoni mwa migomba. Ilibaki mifupa, na koti lile la kijani lenye vifungo vya shaba. Mpano alimkusanya mwenyewe, hakutaka tuguse. Déogratias alichimba. Ardhi ilikuwa ngumu, nikataka kumpokea jembe, akakataa.

Tulipokuwa tunafukia aliuliza, bila kumtazama mtu, "Baba yako alitaka nini na ngombe kama zile?"

Mpano akasema, "Alitaka kintu chenye batu hawawezi kufukuza."

Déogratias aliendelea kuvuta udongo. Baadaye akamwona amejishika ubavu, akamuuliza kama amechoka. Mpano akasema hapana, ni Rusine, yule dume mweusi, alimuumiza zamani. Déogratias akasimamisha jembe. "Na wewe pia?"

"Mimi njo nilikuwa wa kwanza."

Alileta mawe makubwa kutoka kwenye ukuta wa zizi, akayapanga juu ya kaburi, moja moja, ili wanyama wasifukue. Tulitaka kuomba. Yeye akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Mpano akamwambia. Akavua kofia, akasema "Rukunda" kwa sauti, kama mtu anayeita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Kisha akasema "Adolphine."

Tukashuka. Njia yote alikuwa mbele ya Mpano, anamshikia matawi.

Placide